Gari Lililoshika Sikukuu

Kwa muda wa miaka kumi na mmoja Ottmar Kienzle alikuwa na maadui wawili tu duniani: kutu na Bi Rapp. Kutu aliimudu.

Bi Gerlinde Rapp alikaa ng'ambo ya barabara, nyumba ya pili kutoka kanisani, katika kijiji cha Eggenlauben, na dirisha la jiko lake lilitazama moja kwa moja mlango wa gereji ya Kienzle. Katika gereji hiyo magari ya kifahari yenye mbio, ambayo tayari yalikuwa ghali kupita kiasi, yaliletwa na wenyewe ili yafanywe ghali zaidi. Yaliingia yakinong'ona kama waliochelewa misa, yakatoka yakiwa na sauti. Sauti ndiyo iliyokuwa kazi ya Kienzle. Mafundi wengine waliongeza nguvu za farasi. Wengine walishusha gari mpaka likashindwa kupita juu ya kopo la soda. Yeye alitengeneza ekzosi, mabomba ya kutolea moshi. Alikata bomba la titani vipande vyembamba kama vya limau, akavichomelea kimoja kimoja mpaka kona ikapatikana, kisha akawasha, akasikiliza, akakata tena. Watu walitoka Uswisi kuja kumsikiliza akisikiliza.

Bi Rapp naye alisikiliza, ila yeye bila kuombwa.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na miwili, mwembamba, mnyoofu, mwenye masikio ambayo daktari wa wilaya alisema hajapata kuyapima mfano wake. Barua zake kwa meya zilikuwa fupi, zenye tarehe, saa na dakika, na zote zilimalizikia kwa salamu za heshima. Kijijini Eggenlauben watu hupumzika saa sita mchana hadi saa tisa, na Jumapili na sikukuu hupumzika kutwa, na anayewasha injini ya silinda nane wakati huo huhesabiwa pamoja na wanaokata nyasi Ijumaa Kuu.

Mwezi wa Machi meya alichoka kusoma. Akawaita wote wawili katika chumba cha baraza, akaweka mezani brezeli, ile mikate ya kusokotwa, za siagi na maji ya chupa, akawaomba wapatane kama Wakristo au, ikishindikana, kama majirani.

Hapo Kienzle, ambaye alikuwa amekuja na nia njema na majivuno kidogo, alisema neno ambalo hakuna aliyemwomba. Alisema atalifanya gari lake la maonyesho, lile jeusi la milango minne ambalo wateja huja kulisikia, linyamaze lenyewe. Saa sita hadi saa tisa, Jumapili nzima, na kila sikukuu ya jimbo, valvu ndani ya ekzosi zitajifunga na injini haitapanda kasi, hata yeye mwenyewe akitaka.

Bi Rapp alifuta siagi kidoleni. Akauliza ufunguo wa kufungulia utakuwa kwa nani.

"Kwangu," akasema Kienzle.

"Basi hujafunga kitu."

Ndivyo ilivyokuja namba ya siri. Ilikuwa ya tarakimu sita, na Bi Rapp aliiingiza kwa mkono wake, kwa kidole kimoja, huku meya akiwa amegeukia ukutani kwa heshima zote za ofisi yake na Cengiz akiwa ametandaza koti lake hewani kama pazia la kuungamia. Cengiz Aydoğan ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta pale gereji. Alizaliwa kijiji cha pili, akafunzwa kazi na Kienzle, na akikasirika aliongea Kiswabia, lahaja ya kule, kizito kuliko cha paroko. Saa hiyo ya kunyamaza, programu ndani ya kompyuta ya gari, aliijenga kwa wiki mbili, na alikuwa amependekeza mambo mawili. La kwanza, waache mlango wa nyuma ambao wao tu wataujua. Kienzle alikataa, kwa sababu mapatano ni mapatano. La pili, saa isijue tarehe tu, ijue na mahali gari lilipo. Hapo Kienzle alicheka.

"Siku ya sikukuu gari liende wapi?"

Kwa hiyo saa ikapewa kalenda ya jimbo lao, na tarehe ikawa inachukuliwa kutoka setilaiti ili mtu asiidanganye. Kuanzia siku hiyo Pasaka, Sikukuu ya Wafanyakazi, Kupaa na Jumatatu ya Pentekoste gari lilishinda gerejini chini ya shuka lake, na Bi Rapp hakuandika barua hata moja.

Mwezi wa Mei ndipo ilipokuja habari ya Hamburg.

Kule Hamburg kulikuwa na mama mmoja, Bi Tomke Wübbena, mwenye nyumba tatu za kuuzia magari ya aina ile ile. Alikuwa amesikia ekzosi ya Kienzle kwenye gari la mteja mmoja, na sasa alitaka kuisikia vizuri, mbele ya wateja wake wakubwa. Ikimpendeza ataagiza seti arobaini.

Seti arobaini zilikuwa kazi ya mwaka mzima na zaidi. Na Kienzle alizihitaji kwa sababu ambayo hakupenda kuitaja wakati wa kula. Kampuni moja kubwa ya mjini, inayotengeneza ekzosi kwa mashine kama watu wanavyotengeneza tambi, ilitaka kuinunua gereji yake pamoja na jina lake. Yeye angepewa cheo cha mshauri, kadi yenye jina la kampuni na meza karibu na dirisha. Banda la Eggenlauben lingefungwa. Wateja wake mmoja mmoja walikuwa wakipungua, na msimu wa baridi uliopita yeye na Cengiz walikuwa wamepaka ukuta rangi mara mbili kwa kukosa la kufanya. Kampuni ilikuwa imengoja jibu tangu Krismasi, na Kienzle alikuwa ameahidi kulitoa Jumatatu ya tatu ya Juni. Hamburg ikisema ndiyo, yeye atasema hapana. Hamburg ikisema hapana, ataenda kukaa karibu na dirisha.

Bi Wübbena alipanga siku: Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kienzle alitazama kalenda ya jikoni, akaona Alhamisi hiyo imeandikwa kwa wino mwekundu. Ilikuwa sikukuu ya Ekaristi. Akaona hiyo ni adabu ya watu wa kaskazini: wamechagua siku ya mapumziko ili wateja wapate nafasi. Haikumjia akilini hata kidogo kwamba wako Wajerumani ambao siku ya Ekaristi huamka, hunywa kahawa na kwenda kazini. Wala hakuikumbuka saa. Kichwani mwake mapatano yale yalikuwa ya Eggenlauben. Hayakuwa ya gari.

Jumatano, saa tisa ilipopita, walisafiri, Kienzle kwenye usukani na Cengiz pembeni na laptopu yake magotini. Gari liliimba njia nzima. Likipita chini ya madaraja Cengiz alishusha kioo ili asikie mwangwi, na karibu na Kassel dereva mmoja wa lori aliwapigia honi ya pongezi. Nyuma ya kiti kulikuwa na faili lenye vyeti vya kila bomba, kila kimoja na muhuri wa mkaguzi, nene kama misale ya kanisa kuu. Usiku walilala nyumba ya wageni yenye mapazia ya picha za nanga.

Asubuhi waliposhuka walikuta maduka yako wazi. Watoto walikuwa wanakwenda shule. Mtu alikuwa anachimba barabara kwa mashine.

"Bosi," akasema Cengiz taratibu, "hawa watu wanafanya kazi."

Kienzle alisema kila mahali na desturi yake, akawasha gari.

Liliwaka kama friji nzuri. Aligusa pedali ya mafuta, mshale wa mizunguko ukafika elfu mbili, ukakaa hapo kama mtoto aliyeambiwa asisogee. Kwenye kioo cha dashibodi yakatokea maneno ambayo Cengiz aliyaandika mwezi wa Machi akiwa na furaha ya kumaliza kazi: *Leo ni sikukuu. Pumzika.*

Kienzle alizima, akawasha tena, na maneno yakarudi yale yale. Kisha Kienzle akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mkate, kama kuna njia. Cengiz akamweleza. Angeweza kuifuta saa yote, lakini kwa kufanya hivyo inabidi kompyuta ya gari itolewe, ipelekwe mezani Eggenlauben, na ikae siku tatu. Angeweza kuidanganya tarehe, kama angeweza kuidanganya setilaiti. Mlango wa nyuma haukuwepo.

"Nilikwambia tuuweke."

"Uliniambia."

"Na habari ya mahali nilikwambia."

"Hiyo pia uliniambia, Cengiz. Endelea, bado kuna nafasi ya kuniambia tena tukiwa njiani."

Walikwenda. Kupitia mji mzima wa Hamburg gari la silinda nane na mabomba manne lilitembea kimya kama gari la maiti, na baiskeli mbili ziliwapita.

Uani kwa Bi Wübbena walikuta watu sita wenye viatu vizuri, kila mmoja na kikombe mkononi. Bi Wübbena alikuwa mtu mpana, mtulivu, anayesalimia kwa neno moja fupi asubuhi na jioni na kuona limetosha. Alimpa Kienzle mkono, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono na kungoja. Kienzle aliwasha. Akagusa mafuta.

Mtu mmoja mwenye tai ya kijani aliinama kidogo. "Samahani," akasema, "hili ni la umeme?"

"La umeme lina sauti kidogo," akasema mwenzake. "Nyumbani ninalo."

Kienzle angeweza kusema gari limeharibika njiani. Cengiz alikuwa tayari amefungua mdomo kulisema hilo. Lakini Kienzle alikuwa fundi kwa miaka thelathini na minne, na gari halikuwa limeharibika. Lilikuwa linafanya sawasawa kile alichoahidi mbele ya meya kwamba litafanya. Akazima injini, akashuka, akaeleza yote kuanzia brezeli. Aliposema mwenye namba ni mama wa ng'ambo ya barabara, yule wa tai ya kijani ilibidi aweke kikombe chini.

Bi Wübbena hakucheka. Aliuliza tu kwa nini hampigii simu.

Walipiga. Hakupokea. Kienzle alieleza kwamba saa hizi yuko kwenye maandamano ya Ekaristi. Tangu alfajiri wanawake wa kijiji wamepiga magoti barabarani wakitandika zulia la maua kutoka kanisani hadi kwenye kisima, na Bi Rapp ndiye mwenye kushika kamba ya kunyooshea. Hawezi kufika nyumbani kabla ya saa tano na nusu. Basi Bi Wübbena akaleta chai nyeusi na sukari ya mawe, na wakaingoja saa tano na nusu kama watu wanaongoja treni. Wateja wawili waliondoka. Kienzle alisimama karibu na gari lake, mikono mfukoni, akiyatazama mabomba manne aliyoyachomelea mwenyewe, kila mshono wa rangi ya asali na buluu, na kwa mara ya kwanza aliiona wazi ile meza karibu na dirisha. Ilikuwa na mmea wa plastiki.

Saa tano na dakika thelathini na mbili alipiga tena. Simu ilikuwa juu ya boneti, spika imewashwa, kwa kuwa Cengiz alikaa tayari na laptopu kuiandika namba.

"Rapp."

"Ni Kienzle."

"Bwana Kienzle, leo ni sikukuu."

Akasema anajua. Akaeleza yuko wapi, na gari limefanya nini, na kwa nini anaihitaji ile namba kwa dakika kumi tu. Upande wa pili sufuria iliwekwa mahali.

"Huko Hamburg leo wanafanya kazi?"

"Wanafanya."

"Maskini," akasema Bi Rapp. Kisha: "Umeliweka bomba lipi? Lile la Jumanne au lile la Ijumaa?"

Kienzle alishtuka. Alikuwa amejaribu mabomba mawili ya katikati wiki iliyopita, yenye tofauti ya sentimita nne, na alidhani duniani ni yeye na Cengiz tu wanaojua. Akajibu ni lile la Ijumaa.

"Afadhali. La Jumanne likizimwa lilikohoa. La Ijumaa likiamka ni zuri, halina haraka, kama mtu anayekunja mikono ya shati. Likishuka kutoka kwa muuza mkate ni zuri zaidi. Lakini likipanda kanisani kwa gia ya tatu linavuma, na sahani zangu za ukutani zinacheza. Si zote. Tatu."

"Halivumi," akasema Kienzle.

"Wewe umo ndani unaendesha. Mimi niko na sahani."

Bi Wübbena alikuwa ameusogelea ule mwili mweusi wa gari bila mtu kumwona. Aliinamia simu, akajitaja jina, akauliza kuhusu asubuhi ya baridi, gari likiwashwa mara ya kwanza. Bi Rapp akajibu kwamba mwezi wa Februari lilipiga kelele sekunde ishirini kabla ya kutulia, tangu Aprili ni sekunde nane, na nane anaweza kuzivumilia. Bi Wübbena akaulizia mngurumo ule wa mguu ukitolewa kwenye mafuta. Bi Rapp akasema wa mwaka jana ulikuwa wa kujionyesha. Wa sasa una heshima. Wanawake hao waliongea dakika nne, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, wasiojuana, juu ya ekzosi ya mtu aliyesimama katikati yao, na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka. Cengiz aliacha kungoja namba, akaanza kuandika maneno yao.

Mwishowe Kienzle alikohoa, akaiomba namba tena.

"Namba sikupi," akasema Bi Rapp, bila ukali. "Ulinipa nikutunzie usije ukashawishika. Sasa umeshawishika. Saa sita za usiku litafunguka lenyewe. Nawatakieni sikukuu njema."

Akakata.

Yule wa tai ya kijani alisema kwamba hajawahi kuhudhuria maonyesho ya gari mazuri kama haya, na akaenda zake akiwa na furaha. Wengine wakamfuata. Bi Wübbena alikusanya vikombe. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kesho saa mbili asubuhi, na kwamba ufunguo wa gari atashika yeye.

Ijumaa saa mbili alikaa kwenye usukani bila kuvua koti. Kienzle alikaa nyuma, mahali ambapo katika maisha yake yote hakuwahi kukaa ndani ya gari alilolitengeneza. Injini iliamka bila haraka. Walipita bandarini, wakashuka handakini, na pale chini gari lilifungua kifua na Cengiz, aliyekaa mbele, akatabasamu kwenye kioo. Kisha wakapanda upande wa pili, kwa gia ya tatu.

Kwenye kiti cha nyuma Kienzle aliisikia. Ilikuwa sauti nzito, bapa, kama mtu anayefunga mlango polepole bila kuumaliza. Ilimkaa nyuma ya macho. Alikuwa ameijenga mwenyewe, na tangu wiki iliyopita alikuwa ameiendesha kwenda juu na kushuka, akiwa na furaha, akisikiliza kilichokuwa mbele yake tu.

Bi Wübbena aliegesha. Akasema sahani za yule mama ni za kweli. Akasema pia kwamba magari yake huuziwa watu wenye majirani, na mafundi kumi wameshamwambia kazi zao hazina kasoro, na hakuna hata mmoja aliyemletea adui wa fundi mwenyewe kuja kuthibitisha. Seti arobaini atazichukua. Mvumo wa gia ya tatu uondoke kabla ya mwisho wa Agosti, na ukiondoka asiambiwe na Kienzle.

"Aniambie yule wa sahani."

Barua ya kwenda kwa kampuni kubwa Kienzle aliiandika mchana huo huo, kwenye kituo cha kupumzikia karibu na Göttingen, nyuma ya karatasi ya oda ya soseji. Ilikuwa fupi na ilimalizikia kwa salamu za heshima. Cengiz aliisoma, akasema imeandikwa kama za Bi Rapp.

Jumamosi walianza kazi saa moja. Dawa ya mvumo wa namna hiyo ni kibomba kifupi kilichozibwa upande mmoja, kinachochomelewa ubavuni ili sauti mbaya iingie, igonge ukuta, irudi na kujifuta yenyewe. Urefu wake ukikosewa kidogo hakifuti kitu. Kienzle alikipima, akakichomelea, akaacha kipoe. Saa nne na nusu alivuka barabara.

Bi Rapp alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake, zamu yake ya wiki. Alimwangalia tangu alipotoka mlangoni mpaka alipofika, na hakuacha kufagia. Kienzle alivua kofia. Alisema angependa, kama si usumbufu, kukaa jikoni kwake dakika tano.

"Kufanya nini?"

"Kuangalia sahani."

Bi Rapp aliegemeza ufagio ukutani, akamwambia afute viatu, akafuta vya kwake pia. Jiko lilikuwa dogo na safi mno. Sahani kumi na mbili zilining'inia ukutani kwa mistari miwili, zenye maua ya buluu. Alimwonyesha kiti. Hakumpa kahawa kwanza, kwa kuwa alisema vijiko vitachanganya kusikia.

Nje Cengiz aliliwasha gari. Likakohoa sekunde nane, likatulia. Lilikwenda mpaka kwa muuza mkate, likageuka, likaanza kupanda kuelekea kanisani, na wote wawili waliisikia gia ya tatu ikiingia. Kienzle alishika magoti yake. Bi Rapp alisimama na mikono nyuma, kidevu juu, macho ukutani.

Sahani zilikaa. Gari likapita mbele ya dirisha, na ile ya mwisho ya mstari wa chini, karibu na mlango, ikatetemeka kidogo sana, ikaacha.

"Moja bado," akasema Bi Rapp.

Kienzle alitoa kalamu mfukoni, akatafuta karatasi, akakosa, akaandika kiganjani. "Kibomba nitakirefusha sentimita moja."

"Mbili."

Alimtazama. Akafuta moja, akaandika mbili, akachungulia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi, na bado kulikuwa na muda wa kujaribu tena kabla ya saa sita.